Nomino Zilitangulia, Vitenzi Vikabaki Nyuma: Uhakiki wa Maelezo ya Matumizi ya Programu za Kompyuta kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Kuna aina moja ya maandishi ya Kiswahili ambayo pengine husomwa na watu wengi kuliko riwaya, tamthilia na diwani za mashairi, lakini ambayo wahakiki hawajaipa nafasi inayoistahili. Nayo ni maelezo ya matumizi, yaani maneno yanayomwongoza mtu atumie programu ya kompyuta au ya simu, hatua kwa hatua, mpaka aikamilishe shughuli aliyoikusudia. Makala haya yana shabaha ya kuyachunguza maandishi hayo kama utanzu wenye fani na maudhui yake, kueleza kwa nini ustadi wa kuyaandika haujastawi inavyopasa, na kupendekeza namna ustadi huo unavyoweza kufundishwa katika idara za Kiswahili.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Kiamunyi, mtaa ulio nje kidogo ya kitovu cha Nakuru, katika barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Kiamunyi ni miongoni mwa sehemu ambapo jiji hilo hukutana na mashamba. Wakazi wake ni wastaafu waliojenga, wakulima, wahadhiri na wanafunzi, wenye maduka na waendeshaji wa bodaboda. Wametoka katika jamii nyingi za Kenya, na wakutanapo dukani au ndani ya matatu, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo msomaji wa maelezo ya matumizi kwa Kiswahili si mtu wa kubuniwa. Yupo Kiamunyi, na ana shughuli za kutimiza.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Juni, Mkenya mwenye nambari ya mlipakodi hutakiwa kuwasilisha marejesho yake katika tovuti ya iTax, hata kama hakupata mapato yoyote. Wengi wasioweza kuzifuata kurasa za tovuti hiyo huenda kwenye duka la intaneti, ambalo wenyeji huliita saiba, wakamtajia kijana wa pale nambari yao ya mlipakodi na neno lao la siri. Aghalabu kijana huyo ni mwaminifu, na kazi huisha kwa ada ndogo. Hata hivyo, mzee aliyeifanya kazi ya serikali miaka thelathini ametoka pale akiwa ameiacha siri yake mkononi mwa mtu asiyemjua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu iwe ya hiari na yenye kuelewa. Ni vigumu kuona namna idhini hiyo inavyoweza kupatikana ikiwa mwenye kuitoa hawezi kuyasoma anayoyakubali. Hapa ndipo ubora au udhaifu wa sentensi unapoingia katika haki ya mtu.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba udhaifu wa maelezo ya matumizi kwa Kiswahili hautokani hasa na upungufu wa istilahi, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Unatokana na mwelekeo wa kuushughulikia utanzu huu kama suala la nomino, hali maelezo ya matumizi husimama juu ya kitenzi na juu ya mfuatano wa vitendo.

2. Fani na maudhui ya maelezo ya matumizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama kazi kwa kuigawa katika fani na maudhui. Mgawanyo huo unaweza kutumika hapa pia, mradi ukumbukwe kwamba utanzu wenyewe una tabia zake. Maudhui ya maelezo ya matumizi ni shughuli, kama vile kutuma fedha, kuhifadhi barua au kuwasilisha marejesho. Mandhari yake ni skrini, na mhusika wake mkuu ni msomaji mwenyewe, kwa kuwa vitendo vyote vinavyotajwa katika matini vinatazamiwa kufanywa naye. Kwa hiyo matini haya hayakamiliki kwenye karatasi. Hukamilika msomaji anapotenda kile alichoambiwa na matokeo yakawa kama alivyoahidiwa.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kiliyapata maandishi ya maelekezo pamoja na kompyuta. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni utungo wa maelekezo ambao mama aliutunga kwa ajili ya binti yake, na sehemu ya nguvu zake ni kwamba mtunzi alimjua anayemwelekeza. Katika karne ya ishirini, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vijitabu vingi vya kilimo, afya na ufundi kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa mbele. Basi mapokeo ya kumweleza mtu namna ya kufanya kazi yapo. Swali ni kwa nini mapokeo hayo hayakuvuka vizuri kuingia katika programu za kompyuta.

Katika nchi zilizozibuni kompyuta, utanzu huu ulianza mapema. Mwaka 1949 Joseph Chapline aliandika kitabu cha matumizi ya kompyuta ya BINAC nchini Marekani, na kitabu hicho kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake. Ilichukua miongo kadhaa mpaka waandishi wa fani hiyo walipokubali kwamba ukamilifu wa habari hautoshi. John Carroll, katika kitabu chake The Nurnberg Funnel cha mwaka 1990, alionyesha kwamba wanaojifunza kutumia kompyuta hawasomi mwongozo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wao huikimbilia kazi, wakakosea, ndipo wakatafuta msaada. Kwa sababu hiyo alipendekeza miongozo mifupi, inayoanza na kazi ya msomaji na inayomsaidia kujinasua anapokosea. Fundisho hilo halihusu Kiingereza peke yake, ila ni lazima kila lugha ilitimize kwa nyenzo zake yenyewe.

3. Kazi ya nomino

Tangu kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967, juhudi za kukikuza Kiswahili katika taaluma mpya zimekuwa, kwa sehemu kubwa, juhudi za istilahi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na haifai kubezwa. Bila orodha za istilahi, hakuna mwalimu angeweza kufundisha fizikia wala mwanasheria kutafsiri mkataba.

Kompyuta zilipoenea, mkondo ukawa ni uleule. Nchini Kenya vitabu vya shule vikaeneza neno tarakilishi, huku watu wengine wakipendekeza ngamizi na wengine wakishikilia kompyuta. Kipanya kikapata mshindani aitwaye puku. Neno la siri likawa na ndugu yake nywila. Mijadala juu ya maneno hayo imeendeshwa kwa bidii madarasani na magazetini, na kila upande umekuwa na hoja zake za fonolojia na etimolojia.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2004, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilipotoa Jambo OpenOffice katika mradi uliojulikana kama Kilinux. Katikati ya miaka hiyo ya 2000 kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya kiolesura cha Kiswahili kwa programu zake. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta sasa aliweza kuona Kiswahili katika menyu. Miradi hiyo iliacha maneno yenye thamani, na yafaa kusema wazi kwamba baadhi ya yaliyo bora kabisa ni vitenzi. Pakia na pakua ni mfano mzuri. Maneno hayo yalikuwapo bandarini na jikoni kabla ya kompyuta kuwapo. Shehena hupakiwa na kupakuliwa, wali hupakuliwa kutoka chunguni, na mtu anayeambiwa apakue faili tayari ana picha ya kitu kinachoshuka kutoka kwingine kuja kwake. Hifadhi na hariri pia hazikuhitaji kamati ya kuzieleza.

Lakini vifurushi vya kiolesura, kwa asili yake, hutafsiri zaidi maneno yanayoonekana katika menyu na vitufe. Menyu ni orodha. Haimwambii mtu aanzie wapi, afuatishe nini, wala afanyeje mambo yakiharibika. Mtafsiri wa menyu anaweza kuifanya kazi yake neno kwa neno bila kumwona msomaji, na kazi ikawa nzuri. Mwandishi wa maelezo hawezi. Hivyo basi, taaluma ya Kiswahili ilipojivunia menyu, kazi ngumu zaidi ya kuandika maelezo ilikuwa bado haijaanza kufundishwa.

4. Kazi ya kitenzi: somo kutoka katika simu

Ilhali wataalamu walikuwa wakijadiliana juu ya tarakilishi, wananchi walikuwa wakisomeshwa na simu. Huduma ya M-PESA ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, na tangu mwanzo mtumiaji aliweza kuchagua menyu ya Kiswahili. Maneno yake makuu yalikuwa vitenzi vyenye yambwa: tuma pesa, toa pesa. Baadaye, mwaka 2013, ikaja Lipa na M-PESA. Muda wa maongezi ukawa unahamishwa kwa Sambaza na kukopwa kwa Okoa Jahazi. Mama muuza mboga wa Kiamunyi hakuhitaji kujua istilahi ya muamala wa kielektroniki. Alihitaji kujua kutuma na kutoa, na maneno hayo alikuwa nayo tangu utotoni.

Miongoni mwa majina hayo, Hakikisha linastahili kuhakikiwa kwa makini. Hilo ni jina la huduma inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, ili akatize iwapo amekosea nambari. Neno hilo moja ni jina, ni amri, na ni maelezo ya matumizi. Linamwambia mtu afanye nini, na linamwambia wakati uleule anapopaswa kufanya. Limeundwa kwa kauli ya kusababisha kutoka katika neno hakika, kwa hiyo ndani yake mna kitendo na shabaha yake pia. Mwalimu akitafuta mfano wa uandishi wa kiufundi uliokamilika kwa Kiswahili, anaweza kuanzia hapo.

Kinyume chake ni Fuliza, huduma iliyoanza Januari 2019. Kitenzi kufuliza maana yake ni kufanya jambo mfululizo bila ya kukoma. Huduma yenyewe humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi, na kiasi kilichopungua huwa ni deni linalotozwa ada. Kama jina la biashara, neno hilo ni la ustadi, kwani ni fupi, ni la Kiswahili fasaha, na linapendeza sikioni. Kama maelezo ya matumizi, lina kasoro kubwa: linataja mwendelezo wa shughuli na kunyamaza juu ya deni. Masharti ya huduma hutolewa, lakini jina husomwa mara nyingi zaidi kuliko masharti, na ndilo linalobaki kichwani. Mwandishi wa maelezo angelazimika kuiweka sentensi yenye kitenzi kukopa mahali ambapo mtumiaji hawezi kuiruka.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba si kila kitenzi ni chema. Kitenzi kinachofaa ni kile kinachotaja kitendo ambacho msomaji anakifanya kweli, pamoja na matokeo yake kwake. Uteuzi huo ni suala la maadili kadiri ulivyo suala la mtindo.

5. Baadhi ya matatizo ya sarufi

Wanaojifunza kuandika maelezo ya programu kwa Kiswahili hukutana na matatizo ambayo vitabu vya Kiingereza haviwezi kuwatatulia. Machache yatatajwa hapa.

(a) Funga na fungua. Kauli ya kutendua inavipa vitenzi viwili vilivyo kinyume umbo linalokaribiana mno, na ndivyo zilivyo pia pakia na pakua. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Kwenye skrini ndogo, machoni pa mtu aliyesahau miwani yake nyumbani, herufi moja ndiyo inayotenganisha kuanza kazi na kuimaliza. Mwandishi mwangalifu hataviweka vitenzi hivyo viwili katika hatua moja, na baada ya kila kimoja atataja kitakachoonekana: “Fungua barua. Maandishi yake yatatokea upande wa kulia.” Msomaji asipoyaona maandishi, atajua kwamba amekosea.

(b) Ghairi. Neno hili limekubalika kuwa la kuacha jambo lililokwisha anzishwa. Linaharibika linapoulizwa swali kama hili: “Je, una hakika kwamba unataka kughairi malipo?” chini yake pakawa na vitufe viwili, “Sawa” na “Ghairi”. Anayetaka kuyaghairi malipo hajui abonyeze kipi, kwa maana kitufe cha pili chaweza kumaanisha kughairi malipo au kughairi kughairi. Dawa yake ni kukipa kila kitufe kitenzi na yambwa: “Acha kulipa” na “Endelea kulipa”.

(c) Imeshindwa kufungua. Ujumbe wa aina hii una kiambishi cha nafsi lakini hauna mtenda anayejulikana. Ni nani aliyeshindwa? Ni programu, ni faili, au ni msomaji? Muundo wake umefuata Kiingereza, na Kiswahili kina njia iliyo bora. Kauli ya kutendeka hutaja matokeo bila kumlaumu mtu: “Faili haikufunguka kwa sababu imehamishwa. Itafute kwa jina lake.” Sentensi ya kwanza inasema lililotokea na sababu yake, na ya pili inampa msomaji la kufanya. Ujumbe wa kosa usio na kitenzi cha kumwondoa msomaji kwenye kosa ni malalamiko tu.

(d) Masharti na wakati. Viambishi -ki- na -sipo- ni hazina ya mwandishi wa maelezo, kwani vinamwezesha kuzitaja njia zote mbili kwa maneno machache: “Ujumbe ukifika, uhifadhi. Usipofika, usitume tena kabla hujaangalia salio.” Umbo la kabla hujaangalia, pamoja na kiambishi chake -ja-, ndilo umbo la tahadhari katika Kiswahili. Waandishi wengi huliacha, wakaandika tahadhari baada ya hatua yenyewe, wakati msomaji amekwisha kubonyeza.

(e) Amri na heshima. Wapo wanaohisi kwamba umbo la amri ni la ufidhuli kwa mtu mzima, kwa hiyo huanza kila hatua kwa tafadhali. Tafadhali kumi katika ukurasa mmoja haziongezi heshima, bali huzificha amri zenyewe. Kiswahili kimekwisha kuweka utaratibu wake: amri hutangulia, na kitenzi kinachoifuata huingia katika dhamira tegemezi, kama katika “Chagua jina, kisha uandike kiasi.” Utaratibu huo unalainisha sauti bila kuongeza neno. Heshima kuu kwa mzee ni kutompotezea muda na kutomwaibisha mbele ya vijana.

6. Namna ya kuufundisha ustadi huu

Wanafunzi wa Kenya hawafiki chuo kikuu wakiwa hawajui lolote juu ya maandishi ya aina hii. Miongoni mwa insha za kiuamilifu zinazofundishwa katika shule za upili mna barua rasmi, kumbukumbu, tahadhari, resipe na maelekezo. Kasoro iko katika namna zinavyopimwa. Mtahini huangalia sura ya utungo, sarufi na mtiririko, lakini resipe ile haipikwi, na maelekezo yale hayafuatwi na mtu yeyote. Mwanafunzi hujifunza kumridhisha msomaji mwenye kalamu nyekundu. Msomaji mwenye simu mkononi hajawahi kukutana naye.

Chukua mfano wa maelezo ya kulipa karo. Yafuatayo yametungwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini mtindo wake haumgeni mzazi yeyote:

“Malipo ya karo yatafanywa kupitia nambari ya biashara ya shule, ambapo nambari ya usajili ya mwanafunzi itatumika kama nambari ya akaunti baada ya uteuzi wa huduma ya malipo katika menyu husika.”

Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari, na mtahini angeipa alama nzuri. Hata hivyo, haina mtenda. Vitendo vyake vimegeuzwa kuwa nomino, malipo na uteuzi, na lile linalopaswa kufanywa kwanza limetajwa mwisho. Mzazi aliyesimama mbele ya duka la wakala akiwa na simu mkononi atalazimika kuisoma kinyumenyume. Yaleyale yanaweza kuandikwa hivi:

1. Fungua menyu ya M-PESA, kisha uchague Lipa na M-PESA.
2. Chagua Paybill.
3. Andika nambari ya biashara ya shule.
4. Mahali pa akaunti, andika nambari ya usajili ya mtoto. Isome tena tarakimu moja moja kabla hujaendelea. Ukikosea tarakimu moja, karo inaweza kuandikwa kwa jina la mtoto mwingine.
5. Andika kiasi unacholipa.
6. Andika nambari yako ya siri. Usimtajie mtu nambari hiyo, hata anayekusaidia.
7. Subiri ujumbe wa kuthibitisha malipo. Usiufute mpaka upate risiti ya shule.

Matini ya pili ni marefu kuliko ya kwanza, na urefu huo una sababu. Kila hatua ina kitendo kimoja kikuu. Tahadhari ya hatua ya nne imewekwa mahali hatari ilipo. Ile ya sita imemkumbuka mzazi anayesaidiwa, ambaye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Tena neno Paybill halikutafsiriwa, kwa sababu msomaji atalitafuta kama linavyoonekana katika simu yake. Mtaalamu wa istilahi angeweza kutoa neno zuri la Kiswahili, na mzazi angelitafuta neno hilo kwenye skrini asilione. Mapenzi ya lugha yakimpoteza msomaji njia, yamekuwa mzigo kwake.

Njia ya kuufundisha ustadi huu inaweza kuwa rahisi. Mwanafunzi aandike maelezo ya shughuli moja. Kisha ayapeleke kwa mtu mwenye shida ya kuitimiza shughuli hiyo, kwa mfano mstaafu au mwenye duka wa Kiamunyi, aketi kando yake, anyamaze. Asieleze wala asinyooshe kidole. Atazame tu mahali ambapo mkono unasita, jicho linaporudi juu, na swali linapoulizwa. Kila kusita kuna sentensi iliyokosewa. Akirudi nyumbani aandike upya, na siku nyingine ayapeleke kwa mtu mwingine. Alama zitolewe kwa kutimia kwa shughuli. Katika mazoezi hayo nambari ya siri ibaki kwa mwenyewe, na mwanafunzi ageuze uso inapoandikwa, kwani hilo nalo ni sehemu ya elimu yake.

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba Wakenya wengi wameizoea menyu ya Kiingereza, na vijana wengi wana Sheng yao. Ni kweli, lakini kuizoea menyu si kuyaelewa masharti, na mtu huhitaji lugha anayoimudu zaidi pale anapokosea, si pale mambo yanapomwendea sawa. La pili ni kwamba mashine sasa zinatafsiri. Mashine hutafsiri kile ilichopewa. Ikipewa sentensi iliyojaa nomino, itaelekea kurudisha nomino, na haiketi kando ya mzee ikamwona anasita. La tatu ni kwamba Kiswahili bado hakina istilahi za kutosha. Maelezo ya kulipa karo yaliyotolewa hapo juu hayakuhitaji istilahi hata moja iliyoundwa na kamati.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maelezo ya matumizi ya programu ni utanzu halali wa Kiswahili, wenye mapokeo nyuma yake na wenye sarufi yake ndani ya lugha. Imeonyeshwa kwamba juhudi kubwa imetumiwa katika kuunda nomino, na kwamba somo la kitenzi lilitolewa na simu, mara kwa uzuri kama katika Hakikisha, mara kwa kuficha jambo kama katika Fuliza. Imeonyeshwa pia kwamba kauli za vitenzi, dhamira tegemezi na viambishi vya masharti vinampa mwandishi zana ambazo bado hazijatumiwa ipasavyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Urasmi huo utapimwa kwa huduma ambazo mwananchi hawezi kuziepuka, na leo nyingi kati ya hizo hupatikana kwa kubonyeza. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba idara za Kiswahili zianzishe somo la uandishi wa maelezo ya matumizi likiwa na mazoezi ya nje ya darasa. Kwamba idara za kompyuta zishirikishwe tangu mwanzo, maana ujumbe mbaya wa kosa huandikwa kabla mwanalugha hajaitwa. Na kwamba majarida ya lugha yatoe nafasi ya kuyahakiki maandishi haya kama yanavyohakiki riwaya. Kazi ya kwanza ya somo hilo inaweza kuwa mwongozo wa Kiswahili wa kuwasilisha marejesho ya kodi kwa mtu asiye na mapato, uandikwe mapema na ujaribiwe Kiamunyi kabla ya tarehe 30 Juni.